Masikio ya Kuazima

Shaame alivileta kutoka chuoni, vinasa sauti viwili,
kila kimoja kadiri ya punje ya karafuu,
akamtia mama masikioni, kimoja huku, kimoja huku,
kwa kuwa, alisema, ndiye pekee humu ndani
awezaye kukaa saa nzima bila kugeuza shingo.
Mama akacheka: "Mwantia vizibo, mimi chupa ya asali?"

Ilikuwa Limbani, Wete, msimu umeshika,
jamvi limejaa na vidole vyake vinachambua,
konyo huku, karafuu kule.
Saa moja na dakika nne.
Ndiyo yote tuliyobakiwa nayo.

Leo navaa hedifoni, nafumba macho.
Tk. Tk. Konyo linakatika chini ya kidevu changu.
Bomba la uani linajaza ndoo, kushoto,
na mlio unapanda kadiri maji yanavyopanda.
Vespa inatoka Jadida, inapita kisogoni, inazama kulia.
Kunguru yuko juu ya bati. Juu hasa, naapa:
nilinyanyua uso kumtafuta, nikaona feni.

Shaame aliwahi kunieleza, akializa vidole kando ya shavu langu:
sauti haiji na anwani.
Sikio la karibu hula wali, la mbali hula ukoko,
na kati ya wali na ukoko hapatoshi hata kupepesa jicho,
ila ubongo, kama mchoyo, huhesabu.
Kichwa nacho kina kivuli chake.
Ama juu na chini, mbele na nyuma,
hayo huandikwa na mikunjo ya sikio,
na hakuna watu wawili wenye mwandiko mmoja.

Ndiyo maana mara ya kwanza nilipotea.
Bi Chumu alipiga hodi mlango wa mbele
(naujua mlango ule, nimeufunga miaka ishirini)
nami nikamsikia nyuma yangu, ndani ya kabati la nguo.
Masikio ya mama yana matundu matano kila upande,
na la kulia ncha yake imekunjika tangu utotoni.
Yangu ni ya baba, bapa, yamelala.
Nilikuwa nasoma barua yake
kwa miwani ya mtu mwingine.

Nikarudia. Kila siku baada ya isha, nikarudia.
Sijui ulikuwa usiku wa ngapi, Bi Chumu akazunguka.
Hodi ikaja mbele, pale pale penye komeo.
Nikalia, kwa hodi tu.

Lakini jambo moja hedifoni haiwezi kulificha.
Mtu akiishuku sauti hugeuza shingo:
dunia hubaki ilipo, yeye ndiye anayehama.
Humu nikigeuka, na ua unageuka,
ndoo, kunguru, hata upande wa kibla unanifuata
kama kanga iliyonasa mguuni.

Na yeye?
Yeye hana upande.
Kila kitu kina mahali pake ila mwenye masikio.
Pumzi zake si za kulia wala kushoto.
Akimeza mate, koo ni langu.
Dakika ya thelathini na moja anaita,
kazi mkononi, bila kuinua kichwa:
"Kazija! U wapi wee?"
na mwito unatoka katikati ya fuvu langu,
mahali nisipoweza kugeukia.

Halafu, kulia, nyuma kidogo, ng'ambo ya ukuta wa jiko,
msichana anajibu: "Abee! Nakuja!"
Huyo namjua alipo, hatua kumi hazifiki.
Nasikia kijiko kikigonga sufuria.
Nasikia konyo, konyo, ndoo ikimwagika,
dakika thelathini na tatu zilizobaki, zote,
na kandambili zake hazisogei.